Mwambie Mgongo

Mwaka jana niliandika uongo wa maneno 180 nikalipwa shilingi 4,500. Pesa iliingia kwa M-Pesa jioni, na kabla ya saa tatu usiku ilikuwa imekwisha: unga, sukari, majani, deni la duka, bando ya wiki. Aliyenilipa ni kambi moja ya wageni. Sitaitaja, kwa sababu naweza kuhitaji kazi tena, na pia kwa sababu kosa halikuwa lao peke yao. Walitaka maelezo ya mafungo ya siku tano: wageni wakae kimya, watafakari, wafanye yoga asubuhi, walale kwenye hema lenye godoro zuri, halafu siku ya nne waletwe Kipsing kukutana na jangwa. Nikawaandikia kwamba huku jangwa hunyamaza ili mtu ausikie moyo wake. Nikawaandikia kwamba watu wetu hawana kitu na bado wana amani. Hiyo ya pili ndiyo waliyoipenda zaidi.

Sasa nataka kuifuta. Kule ilikobandikwa sina ruhusa ya kugusa, kwa hiyo naifutia hapa.

Kwanza, Kipsing si kimya. Aliyelala hapa usiku mmoja anajua. Punda hulia saa tisa usiku kana kwamba ameibiwa. Kengele za mbuzi, vitoto vyao vikiitana na mama zao, pikipiki ya kwanza ya kwenda Oldonyiro ikiwa na abiria wawili na beberu mmoja, kanisa lenye spika iliyopasuka, redio, wazee wakibishana chini ya mgunga. Hata sala yetu si kimya. Mzee akibariki, kila kauli yake sisi tunaijibu kwa sauti, "Nkai," tena na tena, mpaka amalize. Na kule kwenye laga, kuanzia alfajiri, kuna ule mlio wa mkebe ukikwaruza mchanga. Krr, krr, krr. Huo ndio mlio wa Kipsing. Wageni hawausikii vizuri kwa sababu wao hufika saa nne, wakati waliowahi wameshaondoka na mitungi yao, na waliobaki ni wale ambao shimo lao limegoma.

Kwa msomaji wa mbali: laga ni mto wa mchanga. Maji hupita juu siku chache kwa mwaka, tena kwa hasira, yakikata barabara na kubeba mbuzi, halafu hujificha chini. Ukiyataka unachimba. Kiangazi kikianza unachimba hadi magotini, kikiendelea unafika kiunoni, kikizidi mtu anaingia mzima na mwingine anapokea mkebe juu. Na usidhani ukifika kwenye maji umemaliza kazi. Unakomba vikombe vitatu, vinne, shimo linakauka, unakaa, yanajikusanya polepole, unakomba tena. Mtungi mmoja wa lita 20 unaweza kula saa nzima. Usiku ndovu naye ana kiu, anakuja analibomoa. Kesho unaanza upya.

Siku wageni walipokuja mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Walikuwa saba, Wazungu watano, Mhindi mmoja wa Nairobi na Mkenya mwenzangu mmoja wa Kilimani aliyevaa shanga nyingi kuliko nyanya yangu. Waliketi ukingoni mwa laga, wakakunja miguu, wakafumba macho. Mbele yao, hatua kama thelathini hivi, mama yangu mdogo alikuwa ndani ya shimo. Mimi nilisimama katikati sijui nitazame wapi. Dakika ishirini nzima. Walipofumbua macho, mwanamke mmoja, mpole kweli, simsingizii, akaniomba nimuulize yule mama anahisi nini ndani yake anapochimba. Nikamuuliza. Mama mdogo akanyanyuka taratibu, akashika kiuno, akanitazama mimi, si yule mgeni.

"Mwambie mgongo," akasema.

Nikatafsiri: anahisi mgongo. Yule mwanamke akakutanisha viganja kifuani, machozi yakamlengalenga. Akaandika kwenye daftari lake. Baadaye, tukirudi kwenye gari, akanieleza kwamba hilo ni fundisho kubwa, kwamba mama yule anaishi ndani ya mwili wake, hapa na sasa, na wao hulipa miaka na miaka wakilitafuta jambo hilo hilo wasilipate. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilikuwa nalipwa.

Mgongo wa mama mdogo ni mgonjwa. Ameambiwa asibebe kitu kizito. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, hiyo hesabu haihitaji chuo.

Kiongozi wa msafara ule alisahau kitabu kwetu. Nilipopiga simu kuuliza nikirudishe vipi, nikaambiwa nikae nacho tu. Kilikuwa cha Mwingereza anayeitwa Stephen Batchelor, kimetoka 2010, na ni maungamo ya mtu anayejiita Mbudha asiyeamini Mungu. Nilikisoma usiku kwa tochi ya simu. Nilitaka nipate humo maneno ya kuwapiga wale wageni. Nikapata mtu wa kunipiga mimi.

Batchelor alizaliwa Scotland 1953 na akakulia Uingereza. Kijana wa miaka kumi na minane hivi akaaga kwao, akapita nchi kavu hadi India, na 1972 akafika Dharamsala, mji ambao Dalai Lama anaishi uhamishoni. Mwaka 1974 akanyoa kichwa akawa mtawa. Baadaye akahamia Korea Kusini, kwenye monasteri ya Songgwangsa, ambako kazi ilikuwa kukaa ukijiuliza swali moja, saa baada ya saa, mwezi baada ya mwezi: hii ni nini? Halafu 1985 akavua joho, akaoa mwanamke ambaye naye alikuwa mtawa, akarudi Ulaya na kuwa mwandishi.

Kuna kisa ndani ya kitabu kile kilichonikalisha wima kitandani. Dalai Lama anafundisha watu uwanjani, mawingu yanakusanyika, na lama mmoja mwenye ujuzi wa mambo ya mvua yuko juu mlimani akifanya ibada yake ili mvua isiwanyeshee wasikilizaji. Ndiyo, ili isinyeshe. Kwetu Nkai ni jina la Mungu na ni jina la mvua pia, tunaiita mpaka koo zinakauka, na wenzetu wameweka mtu kazini aifukuze. Nilicheka peke yangu gizani hadi mdogo wangu akaamka. Lakini ndani ya kisa hicho kilichomsumbua Batchelor kilikuwa kitu kingine. Baadaye alijikuta akiwasimulia watu muujiza huo kwa uhakika ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Alisema kwa sababu wasikilizaji walipenda kusikia. Lama alifanya kazi yake tu. Uongo ulikuwa kwa msimuliaji.

Basi hapo nikajiona na maneno yangu 180. Mama mdogo hakuwaambia wageni kwamba ana amani. Jangwa halikuwaambia kwamba linanyamaza. Mimi ndiye niliyesema, kwa uhakika ambao sikuwa nao, kwa sababu waliopo walipenda kusikia. Nikafikiria tena miaka yangu mitatu ya kazi hii ya kuokoteza. Ripoti za mashirika nilizosahihisha. Zile hadithi za mafanikio, maneno 300, picha moja, mama anacheka. Neno "ustahimilivu" nimeliandika mara ngapi sijui, ila natamani ningelipwa kwa kila mara moja. Ustahimilivu ni neno tamu sana kwa mtu asiyetakiwa kustahimili. Unamwona mama ndani ya shimo, unamwita mstahimilivu, na ghafla shimo si shida tena, limekuwa sifa yake. Nani atachimba kisima cha pampu mahali ambapo watu wana sifa nzuri hivyo?

Nitasema kitu kuhusu kuacha, kwa kuwa watu humwona mtawa aliyevua joho kama mtu aliyeshindwa, na mimi mwenyewe najua hayo macho. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea ualimu, Kiswahili na Elimu ya Dini, na karo yangu ilikuwa na miguu minne. Muhula ukikaribia, mjomba alipeleka mbuzi mnadani Oldonyiro na pesa ikaja. Kisha mvua zikakosa, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo. Nchi nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wetu wamo kwenye hesabu hiyo. Niliporudi na sanduku langu hakuna aliyeniuliza kitu, kwa heshima, na heshima hiyo ikaniuma kuliko kama wangeuliza. Nilianza kusema nimepumzika kidogo nijitafute. Hiyo "kujitafuta" nayo niliikopa kwenye intaneti. Sikuwa najitafuta popote. Mbuzi walikuwa wamekufa.

Mjomba wangu ni wa rika la Lmooli, waliotahiriwa karibu 1990. Kwa miaka mingi alikuwa lmurrani: nywele ndefu zilizosukwa na kupakwa udongo mwekundu, maisha ya porini na ng'ombe, hali peke yake, haonji nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa. Nidhamu ile, ukiitazama vizuri, haina tofauti kubwa na ya monasteri, isipokuwa mtawa hachezi ngoma wala habebi mkuki. Kisha siku ikafika, akanyoa, akaoa, akawa mzee, na 2005 rika la Lkishami wakachukua nafasi. Nilimuuliza siku moja, tukiwa tumekaa tu, kama hakuona amepoteza kitu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua limetua.

"Sasa ungekaa na nywele mpaka lini?" akasema. "Na watoto nani angewatafutia?"

Kila mzee ninayemwamkia hapa ni mtawa mstaafu, kwa namna fulani. Amewahi kufunga miiko mizito mwilini mwake na akaifungua hadharani, mbele ya watu wote, na hakuna anayemdai maungamo. Ndiyo maana sioni aibu yoyote kwa Batchelor kuvua joho. Aibu ingekuwa kulivua na kuendelea kusimulia muujiza wa mvua. Kuna wengi wanaofanya hivyo. Joho limekwenda, sauti ya joho imebaki, ile sauti laini ya kukueleza maana ya maumivu yako.

Na sauti hiyo si ya Wazungu peke yao, tusijidanganye. Wakati wa ule ukame tulihubiriwa hapa na watu wetu wenyewe kwamba Mungu anatupima, kwamba njaa inatusafisha. Nilikuwa nakaa kanisani nikiwaangalia watoto wakisafishwa. Halafu Aprili 2023 tukaona kule pwani, msitu wa Shakahola, Kilifi, watu waliambiwa wafunge wasile wakutane na Yesu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, na watoto walikuwa wengi. Nchi ikashtuka. Mimi nilishtuka pia, ila nilishtuka na kitu kingine, kwamba mahubiri ya namna ile sikuyasikia mara ya kwanza. Umbali kati ya "njaa inakusafisha" na kaburi si mrefu. Unahitaji tu mtu mmoja anayeichukulia kauli hiyo kwa uzito wake.

Tena kama hawa wauza utulivu wangemsoma vizuri huyo Budha wao, wangeona aibu. Kisa chake kila Mbudha anakijua. Alijitesa kwa njaa karibu miaka sita na wenzake watano msituni, hadi mbavu zikahesabika, akitafuta ukombozi. Hakuupata. Aliyemwokoa ni msichana wa kijijini, Sujata, aliyempa wali uliopikwa kwa maziwa. Akala. Wenzake wakamdharau wakaondoka, wakasema amerudi kwenye anasa. Baada ya hapo ndipo akakaa chini ya ule mti wake. Mimi kama mtoto wa wafugaji nakisoma hicho kisa hivi: kwanza maziwa. Mahali ambapo ng'ombe wamekufa hakuna Sujata, na hakuna mti wowote utakaokusaidia kitu.

Kingine alichofundisha ni mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu. Watu wake wanamletea tabibu, yeye anakataa usichomolewe mpaka ajue nani aliyeurusha, wa ukoo gani, mrefu au mfupi, upinde ulikuwa wa mti gani. Atakufa kabla hajajibiwa. Hapa Kipsing tunaielewa hiyo haraka, sisi ambao wizi wa mifugo umetufundisha risasi zinavyotoka na zinapoingia. Wageni hukaa ukingoni wakiuliza maana ya mshale. Na wakituuliza sisi, tufanyeje? Tunawajibu. Wameshalipa.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na Ubudha. Hata Afrika Mashariki si mgeni. Dar es Salaam kuna hekalu la Wasinhala tangu enzi za Mwingereza. Uganda kuna mtawa mzaliwa wa huko, Bhante Buddharakkhita, aliyekwenda India 1990 kusomea biashara, akaishia kuwa mtawa 2002, na 2005 akaanzisha kituo cha Kibudha nchini kwao. Yeye joho bado analo. Nimependa jambo moja tu kwake, kwamba kituo kile kilichimba kisima na majirani wakawa wanateka maji. Akikaa kufumba macho baada ya hapo, mimi sina neno. Afumbe.

Wacha niseme la upuuzi sasa, maana wageni wale walilipenda sana hilo neno, upuuzi wa maisha. Mmoja alinitajia Camus na yule Sisifo wake anayesukuma jiwe mlimani likirudi chini kila siku. Akasema mama mdogo alimkumbusha Sisifo. Nikamwambia ni kweli, zinafanana. Baadaye usiku jibu likanijia, kama kawaida yangu, limechelewa: Sisifo hakuwa na mtu nyumbani anayengoja lile jiwe ili apike. Upuuzi wake ni safi, unapendeza kwa falsafa. Wetu umechafuka na mambo ya watu.

Mfano. Tarehe 2 Machi 2012, kule Lamu, marais na waziri mkuu wa nchi tatu, Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi, walizindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, reli, bomba la mafuta. Ndani ya mradi huo kuna miji ya mapumziko mitatu, Lamu, Turkana na Isiolo. Wa Isiolo umepangiwa wapi? Kipsing Gap. Hapa. Mji wa kupumzikia, na hoteli zake. Nilikuwa mtoto wakati huo, nakumbuka wazee wakiuliza kama mji huo utakuja na maji yake au utatumia yetu. Swali hilo halijazeeka. Ardhi ilipanda bei kwenye vinywa vya watu kabla ya jiwe moja kuwekwa juu ya jingine, na mtu ambaye babu yake amelisha hapa akaanza kuota usiku anaulizwa hati. Mahali ambapo mama anakomba maji kwa mkebe pamechorwa kwenye karatasi kuwa mahali pa kuogelea. Huo ndio upuuzi ninaoujua mimi. Una saini.

Na mwandishi aliyenifundisha kuuandika upuuzi si Camus, ni Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyesoma seminari ya Nyegezi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyefika kwake kwa *Kichwamaji* (1974) ataumia, na aliyefika kwa *Nagona* na *Mzingile* atapotea. Chuoni tulilalamika kwamba haieleweki. Mhadhiri alitaka tupate "ujumbe wa mwandishi", tuuorodheshe, maksi tano. Tukaorodhesha. Sasa naona tulimkosea. Mtu yule alikulia kwenye nyumba ya majibu, akatoka humo, na alipoandika hakugeuka padri wa aina nyingine. Anakupeleka safarini kutafuta na hakupi bakuli la faraja mwisho wa njia. Alifariki Januari 2020, mwaka ule ule ambao mvua zetu zilianza kukosa. Nimetamani mara nyingi kumuuliza angemwandika vipi mama aliye ndani ya shimo. Nadhani asingemfanya aseme kitu. Labda mkebe tu. Krr, krr.

Najua nitakavyojibiwa, tena na ndugu zangu. Wageni huleta pesa. Ni kweli. Kaka yangu mmoja analinda kambi, mshahara wake ndio karo ya wadogo zetu. Wanawake huuza shanga siku hizo, na siku hizo huwa nzuri. Kule Namunyak, Wasamburu wenzetu huimba visimani wakinywesha ng'ombe, na wageni hupelekwa kusikiliza, na kuna familia zinazokula kwa ajili ya hilo. Sitaki kambi zifungwe. Mimi mwenyewe nimesema, zile 4,500 nilikula, na unga ule ulikuwa mtamu.

Ninachokataa ni kuuziwa maumivu yetu kama kitabu cha dini. Ukija kupumzika, pumzika. Sema umekuja kupumzika, lala, kula, tazama twiga, lipa, rudi salama. Lakini usikae mbele ya mwanamke anayeumwa mgongo ukamfanya mlango wako wa kuingilia mbinguni, au kule ambako watu wasioamini mbingu huingia. Na bei ya mafungo yale ya siku tano, kwa mtu mmoja, ingenilipia karo ya mwaka mzima na chenji ikabaki. Sisemi mlipe karo yangu. Nasema msiseme tena kwamba sisi hatuhitaji kitu.

Na nyinyi waandishi wenzangu wa vibarua, mlioko Isiolo, Marsabit, Lodwar, Garissa, tunajuana. Tunatumiana kazi. Tunajua lile swali la mhariri, "inaweza kuwa na sauti ya mwanamke?", na tunajua sauti hiyo tunavyoitengeneza usiku, sisi wenyewe, kwa Kiingereza cha shule. Mama hakusema "nimepata tumaini jipya". Alisema mgongo. Mimi nimeanza kujipa adhabu moja, ya kuandika kwanza kile alichosema mtu, kama alivyosema, hata kama ni neno moja, na kukaa nalo. Hii ni nini? Siku nyingi sijui. Siku nyingi pia silipwi.

Wiki mbili zilizopita kambi ile ilinitumia ujumbe. Msimu mwingine unaanza, wanataka maelezo mapya, maneno 180 tena, ila sasa ni shilingi 5,000. Nikaandika. Niliandika kwamba Kipsing ina laga, kwamba maji yako chini ya mchanga, kwamba kiangazi kikizidi mtu huingia mzima shimoni. Niliandika mtungi una lita ngapi na saa ngapi. Niliandika kwamba mgeni akikaa ukingoni atasikia mkebe, na kwamba anakaribishwa kushuka kupokea. Nilihesabu maneno, yakatimia. Nikatuma. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi, la upole kabisa. Imependeza sana, wakasema, lakini inaweza kuwa na matumaini zaidi?

Nilikwenda nayo laga. Mama mdogo alikuwa amekaa pembeni akingoja maji yajikusanye. Nikamsomea yote, nikiyageuza kwa Kisamburu, na jibu lao nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Wamelipa?"

"Bado, yeiyo."

"Basi waongezee hayo matumaini, walipe," akasema. Akainuka, akachungulia shimoni. "Halafu weka hiyo simu, uje upokee. Yamejaa kidogo."

Nikashuka. Ujumbe wao bado sijaujibu.